Fumbo la Hesabu na Lugha Yake: Kutoka China hadi Karavia

Nchini Tanzania, ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, swali la hesabu lililoelezwa kwa maneno huitwa fumbo. Jina hilo lafaa. Mfumbaji huficha jambo ndani ya maneno, na mfumbuaji hulitoa kwa kuyapima maneno yayo hayo. Hivyo basi, kazi ya kwanza ni kusoma, kisha ndipo kukokotoa.

Historia yathibitisha hayo. Kitabu cha Kichina kiitwacho Sura Tisa, ambacho Liu Hui alikifafanua mwaka 263, chauliza mavuno ya mganda mmoja wa nafaka ya kila daraja, iwapo miganda mitatu ya daraja la juu, miwili ya kati na mmoja wa chini hutoa vipimo 39, pamoja na hesabu nyingine mbili za namna hiyo. Wachina walipanga idadi hizo kwa vijiti katika safu, wakatoa safu moja katika nyingine. Naye al-Khwarizmi, aliyeandika huko Baghdad yapata mwaka 820 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, alieleza kila hatua kwa maneno matupu. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho yahusu mirathi. Herufi zilishika nafasi ya maneno baadaye sana, kwa kazi za Viète (1591) na Descartes (1637).

Sasa na utazamwe mfano wa kubuni kutoka Karavia, mjini Lubumbashi. Mwuzaji auza vikapu vitatu vya makaa na ndoo mbili za mahindi kwa faranga 26,000. Mteja wa pili anunua kikapu kimoja na ndoo mbili kwa faranga 14,000. Kikapu kikiwa x na ndoo ikiwa y, milinganyo ni miwili:

3x + 2y = 26,000
x + 2y = 14,000

Kwa Kiswahili sanifu mtu aweza kusema: “Viwili vimezidi, navyo vimeongeza 12,000.” Kiambishi vi- chatosha kuonyesha kuwa vilivyozidi ni vikapu. Kikapu, basi, ni faranga 6,000, na ndoo 4,000.

Hata hivyo, Kiswahili cha Lubumbashi kimepunguza upatanisho wa ngeli, na mara nyingi msemaji hulazimika kuitaja nomino yenyewe. Wapo wanaouona huo kuwa upungufu. Lakini kukitaja waziwazi kila kisichojulikana ndiyo hatua ya kwanza ya aljebra.

Jambo lenye uzito liko kwingine. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, ila Kifaransa ndicho lugha rasmi. Mwanafunzi anayelisoma fumbo kwa Kifaransa ana mafumbo mawili ya kufumbua. Akishindwa, mwalimu hana budi kuuliza kwanza: ameshindwa na hesabu, au na sentensi?