Dar es Salaam hadi Jeddah: masafa, muda wa safari na mahali pa kunuia ihramu

Wasafiri wa visiwani, kuanzia Mafia hadi vijiji vya delta kama Kiongoroni, Maparoni na Msala, huuliza ndege hutumia saa ngapi hadi Jeddah na ihramu huvaliwa wapi. Majibu ya maswali hayo mawili hayatengani.

Jeddah iko kaskazini kabisa ya Dar es Salaam, takriban kilomita 3,160 kwa mstari ulionyooka. Ndege isiyotua njiani hutumia saa nne hadi nne na nusu, na saa haibadilishwi. Safari ya Madina ni kama kilomita 3,480. Kupitia Addis Ababa hakuongezi masafa kwa kiasi cha kutajika, kwani mji huo uko karibu njiani. Kinachoongezeka ni kusubiri. Kupitia Dubai ni karibu kilomita 5,700.

Njia ndiyo huamua miqaat. Ndege itokayo Dar au Addis huingia kutoka kusini juu ya Bahari ya Shamu, nayo hulingana na Yalamlam, miqaat ya watu wa Yemen. Itokayo Dubai huja kutoka mashariki, upande wa Qarn al-Manazil karibu na Taif. Ndege hukata kama kilomita 14 kwa dakika, hivyo kutoka usawa wa Yalamlam hadi kutua kunaweza kubaki nusu saa tu au pungufu. Aliyelala atapitwa.

Wapo wanazuoni walioruhusu kuhirimia Jeddah kwa anayekuja kwa ndege. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliamua kuwa miqaat humlazimu pia anayepita angani. Hilo ndilo la tahadhari: anayeivuka bila ihramu, naye amekusudia Hija au Umra, asiporudi hulazimika kuchinja. Basi mwanamume avae shuka zake mbili kabla ya kupanda (wengi huziacha kwenye begi kubwa lililokwisha kupakiwa!), kisha anuie na kuleta talbiya rubani anapotangaza, au mapema kidogo. Mwanamke hunuia papo hapo kwa nguo zake za stara. Anayeanzia Madina hanuii ndani ya ndege. Atahirimia Dhul-Hulayfa, Abyar Ali, atakapoelekea Makka.

Kwa watu wa delta, saa nne za angani ni sehemu nyepesi. Boti husubiri maji yajae, kisha kuna barabara ya Nyamisati hadi Bungu. Kibiti hadi Dar pekee ni karibu kilomita 140, na hapo tayari masafa ya kupunguza Swala, yaani marhala mbili au kilomita themanini na kitu, yamepita. Aliyekusudia Jeddah huanza kupunguza pindi anapouacha mpaka wa kijiji chake, hata akiwa bado botini.

Wallaahu a'lam.