Ufukara wa Singida na Serikali Zilizoitawala

Wako wasemao kwamba Singida ni maskini kwa sababu mvua yake ni haba na ardhi yake imejaa majabali, nao husema hivyo kwa yakini kana kwamba ufukara ni sehemu ya tabia ya nchi. Lakini mwenye kuitazama tarikhi ya mahali hapa kwa makini ataona kwamba Wanyaturu, waliokuwa wakirutubisha mashamba yao ya uwele na mtama kwa samadi ya zizini, walikwisha kujua namna ya kuishi na ukame kabla hajafika mtoza kodi yeyote, na kwamba kilichowadhoofisha baadaye ni serikali zilizochukua kwao pasi na kuwatolea hisabu.

Wajerumani waliweka boma Kilimatinde mwaka 1895, na baadaye Mkalama. Mwaka 1897 ikatangazwa katika koloni lao kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Tembe, ile nyumba ndefu ya miti na udongo yenye paa bapa, ambayo mwenyewe aliijenga kwa mikono yake na ya jirani zake bila ya kutoa hata pesa moja, tangu hapo ikawa inadaiwa fedha. Na kwa kuwa fedha zilikuwa adimu Unyaturu na Iramba, kijana ambaye kwao alikuwa na shamba, mifugo na kazi ya kumtosha mwaka mzima alilazimika ama kuuza ng'ombe, ama kuifuata rupia huko iliko. Waingereza waliporithi nchi waliirithi na kodi. Wenye mashamba ya mkonge walipounda shirika lao la kutafuta vibarua, SILABU, mwaka 1944, njia ya manamba kutoka nchi za kati ilikuwa imekwisha kukanyagwa kwa miaka mingi, na masika yaliwakuta wanawake peke yao na majembe. Hivyo ndivyo watu wenye kazi walivyogeuzwa kuwa watafuta kazi.

Nchi hiyo iliyodaiwa rupia ilikuwa na dhahabu. Mgodi wa Sekenke, Iramba, ulichimbwa tangu zama za Wajerumani, na vita vya 1914 vilipowakatia njia ya Ulaya, dhahabu yake ilipelekwa Tabora, ambako mwaka 1916, katika karakana ya reli, zilipigwa sarafu za rupia 15 zaidi ya 16,000, zenye taswira ya ndovu mbele ya milima na herufi T ya Tabora. Kwa kiwango kile cha awali, sarafu moja ingelipa kodi ya tembe tano. Sijui kama iko dhulma iliyo bayana kuliko kumdai mtu fedha huku unaifua ile iliyotoka chini ya miguu yake.

Reli nayo ilikuja ikaondoka. Katika miaka ya 1930 lilijengwa tawi kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, na wakulima wakapata njia ya kupeleka nafaka sokoni. Katika miaka ya 1940 likang'olewa, kwa amri ya watu ambao mkulima wa Singida hakuwachagua wala hakuweza kuwauliza.

Lau kasoro hii ingekuwa ya wageni tu, uhuru ungeliiondoa. Lakini mwaka 1972 serikali yetu wenyewe, ikishauriwa na kampuni ya McKinsey ya Marekani, ilizivunja halmashauri za wilaya na kuwapa madaraka watumishi walioteuliwa kutoka juu, na hapo raia akapoteza diwani wake, yule mtu wa karibu aliyeweza kumsimamisha njiani na kumuuliza habari za kisima au zahanati. Nia ilikuwa njema, nakiri. Hata hivyo nia haichimbi kisima.

Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha halmashauri, zikaanza kazi tena mwaka 1984, na kwa mujibu wake mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Mkulima wa alizeti, ambaye kabla ya mwaka 2017 hata gunia lake moja halikuvuka geti la ushuru bila ya kutozwa, ana haki ya kusimama katika mkutano huo na kuuliza fedha hizo zimejenga nini, na mtendaji ana wajibu wa kumjibu papo hapo, vitabu vya mapato na matumizi vikiwa wazi mbele ya watu wote.