Kipanga si Mwewe

Kifaranga kikinyakuliwa uani huko Kocholia, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, anayelaumiwa ni mwewe, awe ndiye au siye. Kiswahili kina neno la pili, kipanga, na wengi huyatumia mawili hayo kama kitu kimoja. Naona kipanga liwe istilahi ya ndege mbuai wenye mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu, nalo mwewe libaki kwa yule mwenye mkia wa panda anayeelea juu ya masoko ya Malaba na Busia. Kinachowatenga ni namna ya kuwinda. Mwewe huelea angani kwa muda mrefu akitafuta mzoga, mabaki ya nyama, panya au kifaranga. Kipanga wa msitu hutulia ndani ya majani, akavizia njiwa, mjusi au mnyama mdogo, kisha akajirusha ghafla kati ya matawi. Mabawa mafupi humpenyeza, mkia humpindisha. Jike humzidi dume kwa ukubwa, na kwa uzito anaweza kumzidi sana. Yumo katika misitu ya Kakamega na Mabira, hata kwenye vichaka vya mitoni na bustani zenye miti minene, lakini hujificha mno. Asubuhi ndipo hujitangaza, akizunguka juu ya miti na kutoa mlio mkali kila baada ya sekunde chache.

Wataalamu wenyewe wamebadilisha majina, mtu atasema, basi kwa nini sisi tushikilie letu? Ni kweli: kipanga huyu wa msitu, aliyeelezwa kisayansi na mtaalamu Daudin mwaka 1800, aliitwa Accipiter tachiro, na mwaka 2024 jenasi hiyo kubwa iligawanywa, naye akawa Aerospiza tachiro. Lakini mgawanyo huo ulifuata nasaba. Neno kipanga hutaja umbo na uwindaji, mambo ambayo hayakubadilika, kwa hiyo linatosha kuwakusanya jamaa wote waliotawanywa. Pingamizi zito zaidi ni la mkulima: aliyepoteza kuku ana haja gani na istilahi? Anayo. Mwewe hunufaika na taka za mji, ilhali kipanga wa msitu hutegemea miti. Vichaka vya kingo za Mto Malaba vikifyekwa, huyu wa pili atatoweka, na anayeuliza wenyeji kuhusu "mwewe" ataandika kwamba ndege hao bado ni tele.