Sarafu ya Mtoto

Kila tunapoanza mafundisho ya sadaka kwa watoto wa paroki hapa Kasuku, katika mji wetu wa Kindu, hakosi mzazi mmoja wa kutuuliza: «Mwalimu, kwa nini mnamfundisha mtoto kutoa feza asizo nazo?» Hatumlaumu. Mwenye kuuliza hivyo ameona feza zikifia mkononi mwake.

Mwaka 1967 zaire moja ilichukua mahali pa franka 1,000. Mwishoni mwa Desemba 1979 serikali ilifuta noti za zaire 5 na 10, ikawapa watu siku chache tu za kuzibadilisha. Aliyekaa mbali na banki alibaki na karatasi. Mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire mpya moja. Na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja ya Kongo. Mwaka huohuo vita ikaanza, na reli iliyotuunganisha na Katanga ikakatika kwa miaka. Baba mwenye kuweka akiba alipoteza sawasawa na mlevi. Ni nani basi atamwambia mtoto wake aitumainie feza, au aitoe kwa furaha?

Sadaka ya watoto ina historia yake. Mwaka 1843 Mtukufu Charles de Forbin-Janson, Askofu wa Nancy katika Ufaransa, alianzisha Shirika la Utoto Mtakatifu. Aliwataka watoto mambo mawili: Salamu Maria moja kila siku, na sou moja kila mwezi. Sou ilikuwa sarafu ndogo ya santimu 5 tu. Aliwafikiria hasa watoto wa China waliotupwa. Baadaye msaada ulifika Afrika pia, na watoto wetu nao wakaonyeshwa Ulaya katika picha za kutia huruma. Tuseme wazi, si picha zote zilizotupendeza. Leo watoto wa Kongo nao wamo katika shirika hilo, wanatoa.

Kabla ya kulianzisha, Askofu alishauriana na Pauline Jaricot wa mji wa Lyon. Dada huyo alikuwa amewapanga wafanyakazi wa viwanda vya hariri kumi kumi, kila mmoja akitoa sou moja kwa juma. Kutoka hapo, mwaka 1822, likazaliwa Shirika la Kueneza Imani. Baadaye alitaka kujenga kiwanda ambamo wafanyakazi wangeishi kama wana wa Mungu. Aliwakabidhi feza watu wasiostahili kuaminiwa, nao wakamdanganya. Akabaki na madeni hadi alipokufa tarehe 9 Januari 1862. Yule aliyewafundisha Wakristo kuchanga sarafu kwa ajili ya misioni alikufa akiwa na cheti cha umaskini. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Lyon tarehe 22 Mei 2022.

Hayo twawaeleza watoto bila kuficha, kwa maana wako wahubiri wanaoahidi kwamba atoaye franka moja atarudishiwa kumi. Pauline hakurudishiwa. Alimtumaini Mungu, wala hakufanya naye biashara.

Ndiyo sababu hatuwatajii watoto kiasi. Mwenye franka alete franka, mwenye kikombe cha mchele alete mchele. Sala itangulie, kama ilivyoagizwa mwaka 1843. Jambo moja tu tunalikataza: kumwomba mama feza mlangoni mwa kanisa, kengele imekwisha kulia. Hiyo ni sadaka ya mama.

Jumapili moja mtoto aliyekuwa ameuza ndizi alituletea noti iliyopasuka katikati, kila kipande katika mkono wake. Sokoni walikuwa wameikataa. Akauliza kama Mungu ataipokea. Tukatafuta gundi.