Jicho Moja la Darubini Mbili

Mwaka 1800, mwanafalaki William Herschel alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akaweka vipimajoto kwenye rangi zilizotandazika. Kipimajoto alichokiweka nje ya nyekundu, pasipoonekana kitu, ndicho kilichopanda kupita vyote. Hivyo ikabainika kuwa iko nuru isiyoonwa kwa jicho. Wataalamu waiita infraredi.

Nuru hiyo ndiyo inayobeba habari za mahali nyota zinapozaliwa. Vumbi humeza mwanga wa nyota changa, likapata joto kidogo, kisha likautoa tena kwa mawimbi marefu. Takribani nusu ya nuru iliyotolewa na nyota tangu zama za kale hutujia kwa sura hii. Lakini mvuke wa maji katika hewa yetu huizuia, na kwa hiyo darubini sharti ipandishwe juu.

Huko nako kuna tatizo la pili. Wimbi la mikromita 100 ni refu mara 200 hivi kuliko la mwanga wa kawaida, na wimbi likirefuka picha huingia ukungu. Darubini ya Ulaya iliyopewa jina la Herschel ilirushwa mwaka 2009 ikiwa na kioo cha mita 3.5. Kwa wimbi hilo, iliona kwa ukali wa darubini ndogo yenye lenzi ya sentimita 2. Mwaka 2013 heliamu iliyoipoza ikaisha, nayo ikapofuka.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1920, huko Mount Wilson, California, Albert Michelson na Francis Pease waliipokea nuru ya Betelgeuse kwa vioo viwili vilivyoachana takriban mita 3, wakaikutanisha, wakapima upana wa nyota hiyo. Chombo cha namna hiyo ni intaferomita.

Kwa msingi huo, wataalamu wa NASA walisanifu SPIRIT, darubini mbili za mita 1 juu ya mhimili wa mita 36, zikipozwa hadi nyuzi 4 hivi juu ya kikomo cha baridi. Kwani kioo chenye joto nacho hung'aa, kikaifunika nyota. Mwezi Juni 2017, huko Texas, puto lilipandisha BETTII, intaferomita ya mita 8. Wakati wa kushuka, chombo kilitengana na parachuti, kikaanguka na kuvunjika.

Hadi leo hakuna intaferomita ya aina hii iliyofanya kazi katika anga za juu. Herschel aliigusa nuru hiyo kwa kipimajoto. Sisi, baada ya karne mbili na ushei, twajua iliko, lakini bado hatujaiona sawasawa.