Urwagwa: pombe iliyokosa kiwanda lakini haikukosa historia

Ukitoka katikati ya Kigali kwenda Nyamata, barabara inapita Gahanga kabla ya kuteremka hadi daraja la mto Nyabarongo. Wengi wanaijua tarafa hii ya wilaya ya Kicukiro kwa uwanja wa kriketi uliofunguliwa Oktoba 2017, wenye jengo la matao matatu. Nyumba mpya zinazidi kusogea, na migomba inarudi nyuma kwenye miteremko ya bonde. Kiwanja kikipimwa, shamba la ndizi linakwenda, na pamoja nalo linafukiwa shimo la kuvundikia. Historia ya urwagwa, pombe ya ndizi ya Rwanda, inaanzia shimoni humo.

Kwa kulinganisha, huko Japani mgeni anayetaka kuijua sake, pombe ya mchele, hupelekwa kwenye viwanda vya ukoo: Nada mjini Kobe, Fushimi mjini Kyoto, Saijo katika mkoa wa Hiroshima. Mlangoni hukuta mpira wa matawi ya mwerezi uliotundikwa ukiwa wa kijani pombe mpya inapokamuliwa, nao hubadilika kuwa kahawia kadiri pombe inavyokomaa. Desemba 2024, UNESCO iliuingiza ufundi wa kutengeneza sake katika orodha ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Rwanda ilikuwa na ufundi wake wa kupika pombe, ila haukuwa na jengo wala jina la ukoo mlangoni. Kila kaya ilijipikia. Kwa hiyo mgeni akija leo, cha kumwonyesha ni kazi yenyewe, na kazi isipofanyika hakuna anachokiona.

Kazi inaanza kwa mikungu ya ndizi za pombe, ambazo zikiwa mbichi zina wanga mwingi na ukakasi unaokaza ulimi. Shimo, liitwalo urwina, hupashwa moto, hutandikwa majani ya mgomba, mikungu ikapangwa humo na kufunikwa kwa majani na udongo. Baada ya siku chache joto na hewa ya ndizi zenyewe huwa zimeugeuza wanga kuwa sukari. Hapo ndipo pombe hii inapoachana na ile ya Kijapani: mchele hauivi ukawa mtamu, ndiyo maana wapishi wa sake huutia ukungu wa koji uuvunje wanga wake. Ndizi inajifanyia kazi hiyo yenyewe gizani.

Zikifukuliwa, ndizi humenywa na kutiwa kwenye umuvure, hori refu lililochongwa katika gogo moja. Hukandwa pamoja na mafungu ya nyasi kavu. Nyasi hizo si mapambo. Ukikanda ndizi peke yake unapata uji mzito usiotoa kitu. Nyasi kavu ndizo zinazoushika ute na makapi, ukaona maji ya rangi ya dhahabu yakitoka vidoleni na kukusanyika chini ya hori. Maji hayo ni umutobe, matamu, na hata mtoto anakunywa. Yakichujwa, huongezwa maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, chombo kikafunikwa majani na kuwekwa mahali penye joto. Mtama huleta chachu na rangi na kuipa pombe ukali wake. Siku mbili tatu baadaye povu limetulia na urwagwa iko tayari. Kwa desturi, kukamua ndizi kulikuwa kazi ya wanaume, na wanawake walipika ikigage, pombe ya mtama uliooteshwa ukawa kimea.

Pombe haikuwa ya kustarehesha tu. Mitungi yake ilikuwa sehemu ya kodi iliyopelekwa kwa machifu. Posa haikukamilika bila pombe. Katika gacaca ya zamani, baraza la kusuluhisha majirani, mkosaji alileta pombe, na pande mbili zikanywa pamoja kuonyesha kwamba ugomvi umekwisha. Mwenye nyumba alionja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu.

Pigo la kwanza lilitoka serikalini. Kila mwaka mfalme aliadhimisha umuganura, sherehe ya mavuno ya kwanza ya mtama na ulezi, na waliolinda siri za ibada yake walikuwa ukoo wa Watsobe. Mwaka 1925 utawala wa Ubelgiji ulimfukuza mkuu wao, Gashamura, akapelekwa Burundi, na sherehe ikafutwa. Nasema wazi kwamba huo ulikuwa wizi: Mnyarwanda aliachiwa mtungi wake, akanyang'anywa siku iliyoupa mtungi huo heshima. Umuganura ulirudishwa kitaifa mwaka 2011, na sasa huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti.

Kisha ikaja chupa. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa Gisenyi mwaka 1957, kando ya ziwa Kivu. Bia ya Primus ikawa kinywaji cha mwenye mshahara, urwagwa ikabaki ya mkulima. Pigo jingine lilitoka shambani: mnyauko wa bakteria, ambao wakulima wanauita kirabiranya, ulioripotiwa Rwanda mwaka 2005. Gisubi, ndizi ya pombe inayopandwa sana, hushambuliwa vibaya kwa sababu wadudu hubeba bakteria hadi kwenye ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Wakulima walifundishwa kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda, wasitumie panga, maana panga huhamisha ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba.

Ndugu wa pombe hii wametapakaa ukanda mzima: rubisi ya Kagera, mbege ya Kilimanjaro inayotiwa ulezi, tonto ya Uganda, kasiksi ya Kivu. Kaskazini mwa Rwanda, wageni wanaokwenda kuona sokwe tayari huonyeshwa upishi wake, kwa mfano Red Rocks huko Nyakinama, Musanze. Tatizo langu na ziara nyingi za aina hii ni kwamba mgeni anakuta ndizi zimekwisha kuiva, anakanda kidogo, anapigwa picha, anapewa kibuyu na mrija, kisha ngoma. Shimo halioni. Jina la Gashamura halisikii. Ua la mgomba lililovunjwa halimwambii kitu.

Gahanga ina nafasi ya kufanya vizuri zaidi, kwa kuwa iko karibu na mji na bado ina migomba. Familia chache zenye mashimo yao zingetosha, kwa ratiba inayofuata ndizi badala ya basi la watalii: mgeni aje siku ya kufukia, arudi siku ya kufukua, na tena siku ya kuonja. Anayekaa Kigali wiki nzima anaweza. Na kabla ya viwanja vinavyofuata kupimwa, mtu aandike ni mashimo mangapi bado yanatumika, na nani anayajua.