Kompyuta ya Hazina, shule ya Kibaha na mkataba wako wa TEHAMA

Kama una biashara Kibaha au Kisarawe na unatafuta kampuni ya kukusimamia mambo ya TEHAMA, yaani kompyuta, mtandao, programu ya mauzo na usalama wa kumbukumbu zako, bila shaka umeshashauriwa uangalie bei, uulize wateja wao wengine na ujue wana uzoefu wa miaka mingapi. Ni sawa kabisa. Ila kuna swali ambalo watu hulisahau mpaka maji yafike shingoni: siku hao jamaa wakiondoka, wewe unabaki na nini? Nchi yetu ilikutana na swali hili mara mbili katika miaka ya 1960. Mara moja ilijibu vibaya, mara moja vizuri. Hebu twende huko.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Iliitwa ICT 1500. Usifikirie kitu cha kuweka mezani. Mashine za kizazi kile zilikuwa makabati ya kujaza chumba, zikitaka ubaridi, umeme usioyumba na watu wa kuzilisha data. Muuzaji alikuwa kampuni ya Uingereza, International Computers and Tabulators. Sasa sikiliza hii: kampuni hiyo haikuibuni mashine yenyewe. ICT 1500 ilikuwa mashine ya Kimarekani, RCA 301, iliyobandikwa jina jingine. Yaani serikali changa ilinunua kwa mtu ambaye naye alikuwa amechukua kwa mwenzake. Mwaka 1968 ICT ikaunganishwa na wengine ikawa ICL. Mwaka 1971 RCA ikajitoa kwenye biashara ya kompyuta. Piga hesabu mwenyewe: miaka sita tangu mashine ifungwe, muuzaji kabadilika jina na aliyeibuni hayupo tena sokoni.

Kilichouma zaidi, hata hivyo, kilikuwa ujuzi. Jaribio la kuhamishia mahesabu ya serikali kwenye kompyuta, lililoendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, lilishindikana. Fedha zikapotea, mahesabu yakarudi kwenye njia za zamani. Kazi ilikuwa imetegemea mno wataalamu wa kigeni, na Watanzania walioielewa mifumo ile kwa ndani walikuwa wachache. Mtaalamu wa namna hiyo mkataba wake ukiisha anapanda ndege, na kichwa chake anaondoka nacho.

Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Aliyeitaka kompyuta ilibidi aombe kibali. Masharti yalilegezwa polepole, na marufuku ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wengi huicheka amri hiyo leo. Mimi naiona kama hasira ya mteja aliyeumizwa: badala ya kwenda kuandika mkataba bora, akafunga mlango. Na walioumia zaidi ni vijana ambao wangejifunza kuziendesha mashine hizo wenyewe, maana hawakuwa na za kujifunzia.

Wakati huohuo, kilomita 40 hivi kutoka Dar kwa Barabara ya Morogoro, kulikuwa na makubaliano ya namna nyingine. Mwaka 1963 ulianza Mradi wa Nordic Tanganyika. Denmark, Finland, Norway na Sweden zikajenga Kibaha shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya wakulima. Ukipenda, huo nao ulikuwa utaalamu wa kutoka nje. Tofauti ni kwamba tangu mwanzo ilieleweka wageni watakabidhi. Watanzania wakaandaliwa kushika nafasi, na tarehe 10 Januari 1970 mradi ukakabidhiwa kwa serikali. Hapo ndipo lilipozaliwa Shirika la Elimu Kibaha.

Najua utasema shule na kompyuta si kitu kimoja. Kweli. Kumpata mwalimu wa fizikia mwaka 1970 haikuwa kazi ndogo, lakini ilikuwa afadhali kuliko kumpata mtu wa ICT 1500. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa sababu ya kuanza kuandaa makabidhiano ya kompyuta mapema zaidi, hata kabla mashine haijashushwa melini.

Ruka miaka 40. Mwaka 2010 TRA ilianza na mashine za EFD, na ghafla mwenye duka ambaye hakuwahi kujiona kama mteja wa TEHAMA akawa mteja wa TEHAMA. Kuna orodha ya wasambazaji walioidhinishwa. Unachagua mmoja, unanunua, na mashine ikigoma unamrudia huyohuyo. Mwaka 2013 na 2014 wafanyabiashara wa miji kadhaa walifunga maduka kuzipinga, bei ikiwa moja ya malalamiko makubwa. Bei inaonekana siku ya kwanza, ndiyo maana inapigiwa kelele. Umbali wa fundi huonekana siku ya tatizo. Kwenye ramani, Kibaha na Kisarawe zimepakana na Dar. Lakini kwa fundi aliyeko Posta saa kumi jioni, Kibaha iko ng'ambo ya foleni ya Kimara na Mbezi, na Kisarawe iko ng'ambo ya Gongo la Mboto na Pugu. Basi usikubali neno "haraka" kwenye mkataba. Andika saa: ngapi kupokea simu, ngapi kuanza kushughulikia wakiwa hukohuko walipo, ngapi fundi kufika mlangoni kwako.

Halafu uliza swali la RCA: hii huduma mnaifanya wenyewe, au mmeichukua kwa mwingine? Si dhambi kuchukua kwa mwingine, ila wewe ujue. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora nchi nzima. Unaweza kulipia laini mbili za kampuni mbili, ukakuta zote zinapita njia ileile chini ya bahari.

Swali la Kibaha ndilo refu, usilione kero. Domeini ya biashara imesajiliwa kwa jina la nani, lako au la fundi? Nywila za msimamizi mkuu zipo wapi? Data za wateja zinatoka kwenye mfumo wao kwa muundo ambao mfumo mwingine unaweza kuusoma? Nani kati ya wafanyakazi wako atakaa nao tangu mwezi wa kwanza, akijifunza? Na hapa sheria inakugusa pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatofautisha mkusanyaji wa taarifa na mchakataji wake. Ukimkabidhi mtu wa nje namba za simu na madeni ya wateja wako, yeye ndiye mchakataji. Mkusanyaji unabaki kuwa wewe, hata kama seva hujawahi kuiona kwa macho.

Kuhusu nakala za akiba, usiridhike kuambiwa zipo. Kabla hujasaini, mwombe achukue nakala moja ya majaribio na kuirudisha kwenye kompyuta nyingine, wewe ukiwa umekaa pembeni unaangalia. Inaweza kuchukua saa moja, au mchana mzima. Akikujibu kwamba hayo hufanyika tatizo likitokea, mpe chai, mshukuru kwa kuja, kisha uipigie simu kampuni inayofuata.